Tia Mkono Ndani ya Lundo



  

Ndugu zangu wa kike na wa kiume, kila mwaka wa masomo unapoanza wanafunzi wapya hunijia na swali moja. Kwa kuwa nasoma uhandisi wa kompyuta, wanadhani nina duka kichwani. "Kaka, nina faranga 120,000 tu. Nitapata laptopu gani?" Huwapa jibu la fundi, kisha nawaambia lipo na jibu la dini. Leo nayaandika yote mawili pamoja, maana kila nikijaribu kuyatenganisha nashindwa.

Kwanza tujue hiyo pesa ni ya nani. Mara nyingi si ya mwanafunzi. Ni ya mama aliyeuza mbuzi kijijini, au ya kaka anayeendesha pikipiki usiku na mvua hapa Kigali ili mdogo wake aache kuandika ripoti za maabara kwenye simu. Pesa ya namna hiyo ni amana, na mwenye amana haingii dukani akisema potelea mbali. Mashine ikifa baada ya wiki mbili hakuna 120,000 nyingine. Mwaka mzima utapita ukiazima ya mwenzako saa sita za usiku, yeye akishalala.

Kwa pesa hiyo utanunua mashine iliyotumika, tunayoiita mjini okaziyo. Nyingi zilikuwa za maofisi ya Ulaya, zikabadilishwa, zikasafirishwa, zikapanguswa na kupangwa kwenye kioo. Hakuna aibu. Mashine ya ofisi iliyotunzwa vizuri hudumu kuliko mpya ya bei ya chini. Shida ni kwamba zote zinang'aa sawasawa.

Hapa ndipo nakumbuka hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini, akajibiwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke ule wenye maji juu watu wauone, na akatoa onyo zito kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tunaisoma hadithi hii kumlaani muuzaji, na ni haki. Lakini tazameni na mkono wa Mtume. Hakutosheka na kuangalia juu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia anaona haya kumpekulia Muislamu mwenzake mali yake, ataonekana hamwamini. Ndugu yangu, Mtume wa Allah alitia mkono. Nawe tia.

Namna ya kutia mkono ni hii. Chomoa chaja mbele ya muuzaji, fungulia video, kaa nusu saa uone betri imeshuka kiasi gani. Kama ina Windows, amri ya powercfg /batteryreport itakuandikia uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Usisome stika iliyobandikwa nje, kwa kuwa stika hubanduliwa na kubandikwa. Nimeona mashine iliyoandikwa i7 nje, na ndani ni i5. Fungua mipangilio ujionee prosesa, memori na diski. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu Wi-Fi, kamera, spika na kila tundu la USB. Izime, uiwashe ukiingia kwenye BIOS: mashine za maofisi nyingine bado zina nywila ya mwajiri wa zamani, na kuiondoa si kazi ndogo.

Usihangaike na unene wala rangi. Tafuta memori ya GB 8 na diski ya SSD, hata ya GB 256 tu. Mashine ya zamani yenye SSD huamka upesi kuliko ya karibuni yenye diski ya kuzunguka. Ikiwa ina GB 4 na nafasi ya kuongeza, nunua hivyo hivyo, uongeze baadaye.

Na kwa wanaokaa chumba kimoja mwaka mzima, nina ushauri ambao wengi hawaupendi: acha laptopu. Nunua kasha dogo la ofisi, kama Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre, kisha kioo, kibodi na mausi vilivyotumika, kimoja kimoja kadiri unavyopata. Kwa pesa ile ile utapata mashine yenye nguvu zaidi, na kifaa kimoja kikiharibika unabadilisha hicho tu. Hasara yake ni umeme ukikatika, na huwezi kuibeba darasani. Lakini najua walioanza hivyo, kila faranga waliyoiweka bado inawafanyia kazi.

Sasa programu. Windows 10 iliacha kupata ulinzi wa bure wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Ndiyo maana mashine hizo zimeshuka bei, na ndiyo maana muuzaji atakwambia, "Usijali, nitakuwekea ya kuvunja." Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia na haifai kuzidhulumu. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba haja haipo. Ubuntu na Linux Mint ni bure kwa idhini ya wenyewe, LibreOffice pia. Kama kozi yako inataka programu maalumu, muulize mhadhiri. Zipo kampuni zinazotoa leseni ya bure kwa wanafunzi.

Bei ikiwa chini kupita kiasi, uliza imetoka wapi. Dai risiti ya EBM na uhakikishe namba ya mashine imeandikwa. Kuna mwanafunzi mahali fulani analia kompyuta yake imeibwa bweni, na kazi yake ya kuhitimu ilikuwa humo. Usiwe wewe unayeimalizia safari yake.

Pesa ikipungua, msikimbilie mikopo ya haraka ya simu yenye riba. Hilo halihitaji hotuba ndefu. Kununua kwa awamu kunaruhusiwa hata bei ikizidi ya taslimu. Baraza lile lile lilisema hivyo Jeddah mwaka 1990, mradi bei ifungwe siku ya mauziano na isiongezwe ukichelewa. Na ikimina ya watu sita wanaoaminiana, kila mwezi mmoja akapokea, imewanunulia wengi wetu mashine bila senti ya riba.

Kisha omba hiyari. Wapo wanaofikiri kurudisha bidhaa ni mtindo wa Wazungu. Alikuwapo sahaba aliyekuwa akipunjwa katika biashara, Mtume (S.A.W.) akamfundisha amwambie muuzaji waziwazi kwamba pasiwe na hadaa, na imepokewa kuwa alipewa siku tatu. Pia alikataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyemnunua ana hiyari ya kubaki naye au kumrudisha, pamoja na pishi ya tende. Laptopu iliyochomekwa kwenye umeme tangu asubuhi ili betri isomeke 100% ni mbuzi aliyefungwa chuchu. Madhehebu ya Shafi, waliyokuwa nayo wazee wa pwani, yanatambua sharti la siku tatu. Liandikeni kwenye karatasi kabla ya kutoa pesa.

Neno langu zito liko kwenu mliofika mwaka wa mwisho. Nyinyi ndio wauzaji. Mnamaliza, mnataka kuuza mashine zenu, na wanunuzi ni hawa wadogo zenu wanaosimama nanyi safu moja katika swala. Uislamu ulikita mizizi Kigali kwa mikono ya wafanyabiashara na wafanyakazi wa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah pale Nyamirambo ni wa mwaka 1913. Wenyeji waliwajua wazee hao kwa mizani zao kabla ya kuzielewa swala zao. Mdogo wako wa mwaka wa kwanza hajui BIOS wala SSD. Anachojua ni kwamba wewe ni Muislamu mwenzake, na kwa sababu hiyo hatatia mkono. Basi toa ule unyevu uuweke juu mwenyewe.

Msikitini kwetu chuoni baadhi yetu tumeanza hivi: kila anayeuza hubandika karatasi kwenye mfuniko. Ameandika betri inadumu dakika ngapi, herufi gani haifanyi kazi, iliwahi kufunguliwa na fundi au la, na bei. Chini ameweka jina lake na tarehe, na siku tatu za kurudisha. Diski amekwisha kuifuta, picha za familia yake zisiwe mikononi mwa mtu. Ya kwanza ilikuwa na mstari kwenye kioo na bawaba iliyolegea, na vyote viliandikwa. Mwenyewe alipunguza faranga 15,000, ikanunuliwa siku ile ile baada ya Alasiri.