Kujitolea na Deni la Jamii

Je, mtu akijitolea kwa hiari yake, jamii inadaiwa kitu? Wengi hujibu kwamba haidaiwi, kwa kuwa zawadi haina bei. Mfano wa wahudumu wa afya ya jamii nchini Uganda unaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Tangu mwaka 2001 Uganda ina Timu za Afya za Vijiji. Wanatimu huchaguliwa na wanakijiji wenzao na hufanya kazi kwa kujitolea. Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola wilayani Mubende. Kila aliyemkaribia mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Wahudumu hao walikuwa miongoni mwa waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana homa na nani amehudhuria mazishi. Taarifa yao moja iliweza kumpeleka jirani karantini.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Wataalamu waliotoka Kampala walirudi Kampala. Mhudumu alibaki kijijini, akichota maji kisima kimoja na watu aliowataja. Kwa hiyo hakutoa muda na nguvu zake tu. Alitoa pia ujirani wake. Alipokubali kujitolea, alikubali kuhimiza chanjo na matumizi ya vyandarua. Kuhatarisha uhai na jina lake ni jambo jingine. Hiari yake ilipokomea, deni letu lilianzia hapo.

Wapo wanaohofia kwamba malipo yatageuza utu kuwa biashara. Mbona daktari hupokea mshahara na hatumwiti mfanyabiashara? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri wahudumu hawa walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa na majukumu yao.

Hata hivyo, fedha peke yake haitarudisha ujirani. Viongozi wa kijiji na wa dini wanapaswa kusimama hadharani na kusema, “Sisi ndio tuliomtuma.” Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza mhudumu ni kumlipa haki yake, na pia kubeba pamoja naye lawama za kazi tuliyomtuma.