Figa la Tatu

Msikilizaji anayeinjika chai alfajiri hii, awe Ngaramtoni au Usa River, anajua kwamba chungu hakikai juu ya figa moja, na zahanati, yaani kituo kidogo kinachotibu wagonjwa wa nje, hujengwa vivyo hivyo. Figa la kwanza ni msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira, ambayo wanakijiji huchimbia msingi, husombea mchanga na kubebea mawe yaliyotemwa zamani na volkano ya Meru. Figa la pili ni mfuko wa wahisani: huko Karatu, mkoani humuhumu Arusha, Daktari Frank Artress na mkewe, Susan Gustafson, waliohama California, walifungua mwaka 2008 kliniki ya FAME, ambayo baadaye ilikua ikawa hospitali. Figa la tatu ndilo zito. Kuta hazitibu. Hutibu tabibu, muuguzi na mkunga, ambao huhitaji dawa na mshahara kila mwezi, muda mrefu baada ya wapiga picha wa siku ya ufunguzi kwenda zao. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati katika kila kijiji. Jengo huinuliwa kwa michango, lakini ni nani anayemlipa mkunga awashe taa usiku, mama anapofika na uchungu?