Usimweke Mezani Mbuzi wa Mwenyewe

Ujumbe wa ibada ya vijana, Lodwar
Andiko kuu: 2 Wafalme 4:1–7
Maandiko mengine: Mwanzo 31:38–40, Mithali 13:11, Luka 16:10–12, Yohana 19:23–24

  

Jumapili nilianza kwa kuuliza vijana swali: ni nani hapa anafanya biashara kwa simu? Mikono ilipanda hadi nikafurahi. Mmoja anauza viatu vya mitumba kwenye stetasi ya WhatsApp. Mwingine anapiga picha vikapu vya mikoma vinavyosukwa na mama yake, anawatumia wateja Nairobi. Mwingine anaagiza samaki wakavu kutoka Kalokol. Dada mmoja anauza sabuni na mafuta ya nywele, na anasoma diploma hapa hapa mjini.

Kisha nikauliza la pili: ni nani anacheza poka ya pesa? Mikono yote ilishuka kama imekatwa. Kanisa likacheka, hata mimi nikacheka.

Lakini baada ya ibada kijana mmoja alinifuata hadi nilipoegesha pikipiki. Akasema, "Pasta, mkono wangu ulifaa kubaki juu." Amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Ni mwanafunzi, anauza viatu. Wateja watatu walikuwa wamemtumia pesa za oda, jumla 3,600. Alizicheza usiku mmoja, nusu hosteli kwa karata, nusu kwenye simu. Hakuniuliza kama poka ni dhambi. Aliniuliza, "Pasta, nitawaambia nini wale watu?"

Wapendwa, hilo swali ndilo lililonifanya niandike ujumbe huu upya. Na kabla sijamjibu, ilibidi nijibu kwanza habari yangu mwenyewe.

NILIKUWA HUKO

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea biashara, niliuza viatu vya watoto kupitia Facebook. Darasani nilifundishwa mtaji ni nini, faida ni nini, nikapata alama nzuri. Jioni nilicheza poka. Mnaijua ile yetu: mbili na tatu zinalisha, malkia anauliza swali, na mtu akikaribia kumaliza anatangaza "niko kadi". Tulianza kwa kucheza bure. Halafu ikawa shilingi 20 "ili mchezo uchangamke". Halafu 50. HELB ilipoingia, ikawa 200.

Mama mmoja akanitumia shilingi 2,400, jozi mbili za viatu vya watoto wake wa kufungulia shule. Usiku huo nilikuwa nimepoteza pesa zangu zote. Nikajiambia, nitachukua mia mbili tu ya huyu mama, nikirudisha zangu naziweka mahali pake. Saa nane usiku hazikuwepo zangu wala zake.

Asubuhi akapiga simu. "Mwanangu, viatu vimefika wapi?" Nikamjibu, "Mama, parseli iko njiani." Nilisema hivyo siku kumi na moja. Kila siku ile parseli ilikuwa njiani. Mwishowe niliuza redio yangu nikakopa kwa binamu, nikamrudishia. Hakunitukana. Alisema, "Asante mwanangu, lakini shule ilishafunguliwa."

Hayo maneno bado ninayo. Nilirudisha pesa. Ile siku ya kwanza ya shule ya watoto wake sikuweza kuirudisha.

1. MJANE ALIJUA PESA INA FOLENI

Tusome 2 Wafalme 4. Huyu mama alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani wanafunzi wa Elisha. Kwa hiyo hii ni nyumba ya mwanafunzi, na ina deni. Mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana kitu gani nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Anaambiwa aazime vyombo kwa majirani, vingi, afunge mlango, amimine.

Sasa angalieni muujiza ukishaisha. Vyombo vimejaa. Mtumishi wa Mungu hamwambii asherehekee. Anampa utaratibu wa pesa: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachosalia. Kuuza, kulipa, kuishi. Akigeuza hiyo foleni, akaanza kuishi kabla ya kulipa, watoto wanachukuliwa hata kama mafuta yalitoka mbinguni.

Kijana, tufanye hesabu. Mteja amekutumia 1,200 ya viatu. Kununua ni 800. Usafiri na boda ni 150. Yako ni ngapi? Ni 250. Zaka yake ni 25. Kwenye simu unaona 1,200 na moyo unasema "nina pesa". Huna 1,200! Una 250, na hata hiyo si yako mpaka viatu vimefika na mteja amevivaa.

Wengi wetu hatuanguki kwa sababu ya tamaa kubwa. Tunaanguka kwa sababu pesa zote zinalala kwenye laini moja: ya mteja, ya HELB, ya chakula, ya mama aliyetuma uweke nauli. Na ukiwa umecheza kwa Fuliza ni mbaya zaidi. Mnajua inavyofanya kazi: pesa ikiingia, deni linakatwa kwanza. Kwa hiyo mteja anatuma ya viatu saa tatu, na saa tatu hiyo hiyo imeshalipa karata za jana. Hata kama umetubu, viatu huna cha kununulia.

2. MTAJI NI MBUZI WA UZAZI

Hapa kwetu sihitaji kueleza sana. Mchungaji akiwa na mbuzi jike wa uzazi, anakunywa maziwa. Akibanwa anauza beberu. Yule jike hamgusi, maana ukimchinja leo umekula na watoto wake wa miaka mitatu ijayo. Mtaji ni huyo jike.

Lakini kuna mbuzi mwingine, yule wa rafiki au ndugu aliyekuachia uchunge pamoja na wako. Huyo ana uzito zaidi. Wako akipotea, ni hasara yako. Wa mwenyewe akipotea, utasimama mbele yake ueleze. Pesa ya oda ni huyo mbuzi. Mteja hajakupa, amekuachia uchunge mpaka bidhaa imfikie.

Yakobo alichunga mifugo ya mjomba wake Labani miaka 20. Mwanzo 31 anatoa ripoti yake. Mnyama aliyeraruliwa hakumpelekea Labani mzoga na kusema samahani. Hasara aliibeba yeye. Alichomwa na jua mchana na baridi usiku. Sisi watu wa Lodwar jua tunalijua, kwa hiyo tunaelewa anasema nini. Ndiyo maana aliweza kusimama mbele ya Labani na kumtazama machoni. Pesa ya halali inakupa kitu ambacho ushindi wa karata hauwezi kukupa: unapokea simu ya mteja bila kuogopa.

Na Luka 16 Bwana anagusa hapo hapo: asiyekuwa mwaminifu na kilicho cha mwingine, nani atampa kilicho chake mwenyewe?

3. "LAKINI PASTA, HATA BIASHARA NI BAHATI"

Kijana wangu alinipinga, na nilipenda alivyonipinga, kwa hiyo nitamjibu kwa heshima. Alisema mambo mawili.

La kwanza: hata biashara ni kubahatisha. Ni kweli biashara ina hatari. Mvua ikinyesha, mto ukajaa, gari la mizigo kutoka Kitale linalala njiani na samaki wako wanaharibika. Hiyo ni hasara, si dhambi. Lakini hatari ya biashara unaikuta njiani ukimpelekea mtu kitu anachohitaji. Hatari ya karata umeitengeneza mwenyewe, na hakuna mtu anayevaa viatu baadaye. Biashara ikienda sawa, mteja amepata viatu na wewe umepata 250. Wote wawili mmerudi nyumbani na kitu. Sasa wachezaji sita wakiweka 200 kila mmoja, mezani ni 1,200. Wacheze mpaka jogoo awike, itabaki 1,200. Hakuna shilingi iliyozaliwa. Ukiondoka na 700, kuna wenzako watakunywa chai kavu wiki nzima.

Na kwenye simu hata hiyo 1,200 haibaki. Mwenye meza hachezi, yeye anakata kidogo kwa kila chungu. Tuseme anakata shilingi 5 kwa kila 100. Chungu cha 200 kimetoa 10. Mkicheza mikono 60 usiku mmoja, mwenye meza ana 600. Nusu ya pesa zenu imeondoka, na hata hamjui alikaa nchi gani.

La pili: poka si bahati, ni akili. Nakubali, ina akili! Unahesabu, unasoma uso wa mtu, unajizuia. Mimi nilikuwa mzuri. Lakini niulize: hiyo akili unaitumia juu ya nani? Katika duka lako unamsoma mteja ili umhudumie. Mezani unamsoma rafiki yako wa chumba cha pili ili umvue. Akili ni kipawa, mpendwa. Mungu hakukupa ili ujue ni saa ngapi ndugu yako amechoka na anafanya makosa.

Mtu atasema hata mitume walipiga kura, Matendo 1. Ndiyo, baada ya kuomba, kumpata wa kujaza nafasi ya huduma. Hakuna aliyepoteza chakula cha watoto siku ile. Wazee wetu pia hucheza bao chini ya mgunga. Mzee akishindwa anainuka na ekicholong chake anaenda zake, mbuzi wake wako bomani. Mchezo wa namna hiyo sina vita nao. Vita vyangu ni na dau.

4. CHINI YA MSALABA KULIKUWA NA MCHEZO

Yohana 19. Askari wanne wamegawana mavazi ya Bwana. Imebaki kanzu, haina mshono, imefumwa tangu juu. Wanasema wasiipasue, waipigie kura.

Ile kanzu kuna mtu aliifuma. Kuna mikono iliyokaa siku nyingi ikipitisha uzi, kama mama zetu na vikapu vya mikoma. Na kuna askari mmoja aliyeipata kwa dakika moja bila kutoa jasho. Lakini linaloniumiza si hilo. Juu yao Mwokozi wa ulimwengu anakufa, na macho yao yako chini, kwenye kura. Wokovu ulikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote Yerusalemu, na wao walikuwa wanangoja zamu yao.

Kijana, ukiwa kwenye meza saa nane usiku, ni nini kinaendelea juu ya kichwa chako usichokiona? Mtihani wa saa mbili asubuhi. Simu ya mama uliyoizima. Roho Mtakatifu anayekuita kwa jina.

TUFANYE NINI?

Kwa wanabiashara wetu vijana: tenganisha mbuzi. Fungua Pochi la Biashara, pesa ya wateja iingie huko, isichanganyike na ya soda na bando. Kabla ya kulala andika mistari mitatu: kilichoingia, ninachodaiwa, kilichosalia. Mithali 13:11 inatufundisha kwamba mali ya haraka hupungua, na anayekusanya kidogo kidogo huongeza. 250 mara oda nne kwa wiki ni 1,000. Si utajiri, lakini ni chakula cha mwanafunzi, na unalala.

Kwa mlioshikwa: usitafute mkono mmoja wa mwisho wa kurudisha. Huo ndio ulionimaliza mimi. Mwambie mtu mmoja leo. Ofisi yangu iko wazi baada ya kila ibada, na sitakushangaa.

Kwa wazazi na wazee wa kanisa, na mimi nikiwemo: tusiwanyoshee kidole tukiwa na deni lao mfukoni. Kuna dada hapa ametukopesha sabuni, na miezi miwili tunamwambia "ubarikiwe, nitakutumia". Mtaji wake tumeukalia sisi. Mwanafunzi asipolipwa na watu wa Mungu, meza ya karata itamwahidi kumlipa. Lipeni wiki hii.

Na kwa yule kijana aliyeuliza awaambie nini wateja: Jumatatu tulikaa pamoja. Hakusema parseli iko njiani. Alipiga simu tatu, mimi nikiwa kando. Aliwaambia, "Pesa yako niliitumia vibaya. Sina viatu. Nitakulipa kidogo kidogo, nimeanza leo." Mmoja alikata simu. Mmoja alimgombeza sana. Wa tatu alinyamaza, kisha akasema, "Nitumie mia tatu kila Ijumaa, na ukishamaliza nitaagiza tena." Ijumaa ya kwanza imeshapita, na ametuma.

OMBI

Bwana Yesu, vya wengine ulivyotuachia tuchunge, tusaidie kuvirudisha vikiwa hai. Wafungulie walioshikwa na kamari milango ya hosteli na ya mioyo yao. Bariki kazi ndogo za vijana wetu, Lodwar hadi Kakuma, wauze, walipe, waishi kwa kinachosalia. Inua macho yetu kutoka mezani tukutazame wewe. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI
1. Kwenye simu yako leo, ni shilingi ngapi zilizo zako kweli?
2. Ni nani umemwambia "iko njiani", na haiko njiani?
3. Ni mwanafunzi gani wa kanisa hili unayemdaiwa, na utamlipa siku gani?