Yamalizwe Nchi Kavu

Mashua ya shemeji yangu ina matatizo mengi, lakini ya kwanza yako kwenye magurudumu, yaani kwenye sehemu ambayo wala haiendi majini. Ni kiboti cha mbao chenye mlingoti mmoja, kimekaa juu ya trela ya tairi mbili nyuma ya nyumba huko Nguba. Mwenye nyumba wa zamani aliondoka akakiacha, na kwa muda mrefu watoto wa ua walikifanya basi la kwenda Uvira huku kuku wakitagia chini ya benchi la nahodha. Shemeji amekata shauri kukipeleka kisiwani Idjwi kwa tanga. Mjini kwetu Bukavu hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Ziwa Kivu liko chini ya madirisha ya Ibanda, kuanzia La Botte hadi Muhumba, ila tumezoea mitumbwi ya kafi, pirogi za moteri na boti kubwa za Goma. Mlingoti ukisimama ufukweni, watu hukusanyika kuuliza ni antena ya redio gani.

Basi tumekuwa mafundi. Tairi za saizi ile hazipatikani Nyawera wala Kadutu, kwa hiyo fundi wa kuchomea wa mtaa wa Essence alitoboa matundu mapya akafunga magurudumu ya gari dogo lililokufa. Beringi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, tukazilowesha kwenye mafuta machafu mpaka zikalegea. Tanga lilitafunwa na panya; fundi cherehani anayeshona mifuko ya mizigo amelitia viraka vya shitingi, na kiraka kimoja bado kina nusu ya nembo ya shirika la misaada. Mbao zilizokauka juani zimeachana. Tumezikalafati kwa pamba na lami, kisha tukakijaza kiboti maji kukiwa bado juu ya trela ili mbao zivimbe zifungane. Jirani alipita, akaona maji yako ndani na mashua iko nje, akatikisa kichwa akaenda zake.

Kisa chenyewe ni moteri. Upepo wa Kivu hauna ahadi, kwa hiyo lazima kuwe na moteri ndogo nyuma, ile ya kufunga kwa skrubu. Hii yetu inawaka vizuri. Tuliitumbukiza ndani ya pipa la maji, ikaunguruma, shemeji akapiga makofi. Lakini fundi wa moteri hakuangalia sauti, aliangalia nyuma, pale panapotakiwa kutoka mshipa wa maji. Moteri ya namna hii hunyonya maji ya ziwa ili kujipoza, na kazi hiyo hufanywa na kimpira kidogo chenye mabawa kilichofichwa chini, karibu na elisi. Mabawa yakikatika, maji hayapandi, moteri inachemka, na baada ya dakika kadhaa inashikana kabisa. Yetu ilidondosha matone tu.

“Shemeji,” mwenye kiboti akaniambia, “twende hivyo hivyo. Tutajuana mbele kwa mbele.”

Sisi Wakongo tuna Artikili ya 15, ile sheria isiyo na karatasi inayomwambia kila mtu ajipange mwenyewe, na tunajivunia. Tuna haki ya kujivunia. Nchi ambayo vipuri havifiki, barabara zinakatika na umeme unakuja kusalimia tu, imeishi kwa mikono ya watu wanaogeuza kitu kuwa kitu kingine. Lakini nimeanza kuamini kwamba tumeisifu sheria hiyo bila kuuliza inatumika wapi. Kugeuza gurudumu la gari kuwa gurudumu la trela, huku umekaa kivulini na bisibisi mkononi, ni ufundi. Kuondoka na kimpira kilichokatika ukitegemea kwamba utakapofika katikati ya maji akili itakuja, huo ni ufundi ulioahirishwa. Tumeupa jina moja na ule wa kwanza, na hapo ndipo tunapojidanganya.

Watu waliowahi kuvuta boti kwa magurudumu ndani ya Kongo hii waliijua tofauti hiyo, au walifundishwa kwa nguvu. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Walichagua boti mbili za moteri zilizotengenezwa na kampuni ya Thornycroft, za mbao, zenye urefu wa mita 12 hivi. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa wake walikataa, naye akaziita Mimi na Toutou. Kabla ya safari walizijaribu kwenye mto Thames. Wakafyatua mzinga wa moja, risasi ikapiga shabaha, na mzinga wenyewe ukarukia mtoni pamoja na mpigaji, kwa sababu haukukazwa vizuri kwenye sakafu ya boti. Nadhani hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote walizozipata. Skrubu zilikosewa London, maji yakiwa ya nyumbani na adui akiwa mbali.

Boti zilifika Cape Town kwa meli mwezi wa Julai, zikapakiwa kwenye treni, zikapita Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hadi Fungurume. Hapo reli ikawaishia. Mbele yao palikuwa na milima ya Mitumba na zaidi ya kilomita 200 za pori hadi Sankisia. Walikata njia, wakajenga zaidi ya madaraja mia moja, wakatanguliza mashine mbili za mvuke na makundi ya ng'ombe. Mashine ilipozama kwenye udongo ng'ombe walivuta. Ng'ombe walipochoka mashine ilivuta. Mashine za mvuke hunywa maji kwa pupa, na msimu ulikuwa wa kiangazi, kwa hiyo maji yaliletwa na wenyeji vichwani. Vitabu nilivyosoma vinaeleza hadi nguo alizovaa Spicer-Simson, mtu wa majivuno aliyependa kutembea amevaa sketi. Majina ya waliobeba maji sijayaona humo, ingawa bila wao boti zingebaki juu ya mlima kama safina.

Kazi hiyo ya nchi kavu iliwachukua kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba. Kisha treni fupi hadi Bukama, mto Lualaba uliopungua maji hadi Kabalo, treni tena hadi Lukuga, karibu na Kalemie. Walifika mwishoni mwa Oktoba, na mtu angetegemea wazitumbukize boti majini siku ya pili. Hawakufanya hivyo. Walikaa karibu miezi miwili wakijenga bandari na kuziweka boti sawa, ziwa likiwa mbele ya macho yao. Ziliingia majini Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba waliiteka Kingani ya Wajerumani katika mapigano mafupi sana, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Sifurahii vita vya wakoloni waliogombania maji yasiyo yao. Ila hesabu ya muda inanigusa: miezi ya kuvuta, kukaza na kusubiri, halafu dakika chache za kile ambacho watu hukiita safari yenyewe.

Ng'ambo ya ziwa lile lile Wajerumani nao walikuwa na meli iliyokuja vipande vipande. Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam, ikapelekwa kwa treni hadi Kigoma na kuungwa upya. Julai 1916 waliamriwa kuizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Mafundi walioiunda waliizamisha kweli, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito, kila mahali. Maji yalilala juu ya grisi ile kwa miaka. Meli iliinuliwa mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wa Uvira na Fizi wanaijua, maana mwaka 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi wetu kutoka Kigoma. Huwa nawafikiria wale mafundi wakipaka grisi kwenye meli ambayo dakika chache baadaye wangeifungulia maji. Waliiandaa kwa safari ambayo wao hawangekuwamo.

Na sisi? Aprili 2019 boti ilizama humu Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais Tshisekedi alifika pale akaagiza kila abiria avae jile ya kuelea. Oktoba 2024 boti nyingine iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku huko Goma, na watu waliokuwa ufukweni kupokea ndugu zao waliona kwa macho. Makumi walikufa wakiwa wameshaiona nchi kavu. Ajali za namna hii hupewa sababu moja siku ya mazishi, upepo, au mapenzi ya Mungu. Upepo ulikuwapo, sibishi. Lakini mzigo ulipakiwa gatini, kwenye maji yaliyotulia, mbele ya watu waliokuwa na nafasi ya kusema “imetosha”. Hapa karibu na Bukavu ziwa lina kina cha mita 100 hivi, na upande wa kaskazini linapita mita 480. Kwa mtu asiye na jile namba hizo mbili ni moja.

Hata hivyo sitaki nisikike kama yule mzee wa kanisa anayeona hatari hata kwenye chai. Anayesubiri kila kitu kiwe kizima Bukavu hatatoka nyumbani. Angalia wavuvi wa samaki wa sambaza, wanaotoka jioni na pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu iliyopinda mbele na nyuma, wakiimba ili kafi ziende pamoja. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyavu za wavuvi hao zina mafundo mengi kuliko matundu, na pirogi zao zote zinavuja. Wanajua zinavuja wapi na kwa kiasi gani, na mtu wa kuchota maji hupangwa kabla ya kuondoka kama anavyopangwa mwimbishaji. Uvujaji uliopangiwa mtu si tatizo tena, ni kazi.

Kwa hiyo tulimwita mzee mmoja wa Idjwi, nahodha wa pirogi tangu ujana, aje aikague mashua. Hakugusa kitu. Aliketi juu ya ndoo akasema, “Niambieni vilivyoharibika, msinionyeshe vilivyo vizima.” Shemeji alianza na tanga na viraka vyake. Mzee akasema tanga likichanika tutapiga kafi, tupite. Kapi la juu ya mlingoti linakwama? Tupite, ila kamba ya akiba iwe imefungwa tayari. Mbao moja ya sakafu ina ufa? Akauliza ni juu au chini ya mstari wa maji, akaambiwa juu, tupite. Moteri hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa sababu tuko mita 1,460 juu ya bahari? Hilo ni la Mungu, tupite.

Tulipofika kwenye kimpira hakusema tupite. Aliuliza tunafikiria kurudi saa ngapi. Shemeji akajibu, alasiri. Mzee akasema alasiri ndiyo saa ya upepo, na mtu anayepanga kurudi kwa moteri isiyojipoza ameshapanga kutorudi. Kisha akauliza jile ziko ngapi.

Ziko nne. Waliojiandikisha kwa safari ni sita, wakiwemo mama mkwe na kijana wa kwaya aliyeahidiwa tangu Pasaka. Shemeji alianza kueleza kwamba wawili kati yao wanajua kuogelea. “Papa,” mzee akamkatiza kwa upole wote, “hata mimi najua kuogelea. Ndiyo maana navaa.”

Kimpira kimeagizwa Kampala kupitia dereva mmoja anayevuka mpaka wa Ruzizi, naye amepewa kile cha zamani mfukoni ili alinganishe idadi ya mabawa, maana tumeshaletewa kimoja kisichoingia. Tarehe ya safari imefutwa kwenye kalenda ya jikoni na nyingine haijaandikwa. Shemeji ananuna kidogo, lakini jana nilimkuta chini ya trela akitia grisi beringi ambazo tayari zina grisi. Jile mbili zaidi zinatafutwa. Zisipopatikana wawili watabaki, na mjadala wa nani abaki umekuwa mkali kuliko mjadala wa moteri. Mama mkwe amesema habaki mtu aliyempikia ugali wa safari. Mimi nimeshaandika jina langu ndani ya jile moja kwa kalamu isiyofutika.