Haraka Yenye Baraka

Wazee walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na neno lao ni la kweli katika mambo mengi. Ajengaye nyumba kwa pupa huiona ikianguka. Aoaye kwa pupa hujuta. Lakini je, neno hilo lamfunga pia mama ambaye mtoto wake ameungua? Jambo hili lataka kufikiriwa vizuri, maana uhai wa mtu waweza kupotea kwa sababu ya mithali isiyofahamika sawasawa.

Huko Mwadingusha mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta mkubwa, ziwa Tshangalele likatokea nyuma yake, na tangu mwaka 1930 nguvu ya maji yale ilianza kutoa umeme kwa kazi ya shaba ya Katanga. Walakini katika nyumba nyingi za vijiji vya nchi ile bukari hupikwa bado kwa kuni, au kwa makaa katika mbabula iliyowekwa chini uani, mahali wanapocheza watoto. Basi na tuchukue mfano wa nyumba moja ya namna hiyo. Ni jioni, maji yachemka katika sufuria. Mama ameingia ndani kutwaa unga, naye amemwagiza binti yake wa miaka 9 amwangalie mdogo wake. Binti amegeuka kidogo tu. Mdogo ameshika ukingo wa sufuria, na maji yamemmwagikia kifuani na mkononi.

Sasa nyumba ile ina maswali mawili. La kwanza: Ni nani mwenye kosa? La pili: Mtoto ataponaje? Yote mawili ni maswali ya haki, lakini hayawezi kujibiwa kwa wakati mmoja. Moja halina budi kungoja. Na mara nyingi lile la kwanza ndilo likimbialo mbele. Baba auliza mama alikuwa wapi. Mama ampiga binti. Bibi asema jambo hili si bure, kuna mtu mwenye kijicho, afadhali kwenda kwanza kwa mpiga ramli. Jirani akumbuka ugomvi wa juzi. Usiku umeingia, na mtoto angali analia mkekani, amepakwa mafuta na majivu.

Ni nini kinachowachelewesha? Si ukosefu wa upendo, maana wote wampenda mtoto yule. Fedha ni shida ya kweli, walakini si sababu pekee. Sababu iliyofichika ni hofu. Mama ajua kwamba hospitalini ataulizwa: Ameunguaje? Saa ngapi? Nani alikuwa naye? Binti ajua kwamba akisema kweli atapigwa mara ya pili. Basi hujaribu kuuficha msiba ule nyumbani, wakitumaini kwamba utapita kimyakimya. Hivyo ajali ya dakika moja hugeuka kuwa kosa la siku tatu.

Tofauti hiyo ni kubwa. Ajali si dhambi, maana dhambi yataka nia, na hakuna aliyetaka maji yale yamwagike. Kama palikuwa na uzembe, uzembe huo utapimwa kwa wakati wake. Lakini mtu ajuaye kwamba mtoto yumo hatarini, akakawia makusudi ili asilaumiwe, huyo amechagua. Wala lawama si yake peke yake. Yule aliyeizoeza nyumba yake kwamba asemaye kweli hupigwa papo hapo, naye amechangia ucheleweshaji ule, hata kama siku ile alikuwa safarini.

Injili ya Yohane yasimulia habari za kipofu tangu kuzaliwa. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alilikataa swali hilo, akamponya mtu yule. Na katika Injili ya Luka aliwauliza wakuu wa dini kama kuna mmoja wao ambaye mtoto wake au ng'ombe wake akitumbukia kisimani, hatamtoa mara moja, ijapokuwa ni siku ya sabato. Hawakuweza kumjibu. Vivyo hivyo leo, mama aliyemchukua mtoto wake hospitalini Jumapili asubuhi, akaikosa Misa, hana dhambi.

Pengine mtu atauliza: Basi, je, wazee walikosea? La. Wao walikataza pupa, yaani haraka isiyo na akili. Haraka ya upendo ina utaratibu wake. Mtoto aliyeungua kwa maji ya moto hapaswi kubebwa mbio mara ile ile. Kwanza amiminiwe maji safi ya baridi penye jeraha kwa muda wa dakika 20, maana moto huendelea kuidhuru ngozi hata baada ya sufuria kuondolewa. Avuliwe nguo na vikuku, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Asipakwe mafuta, wala majivu, wala dawa ya meno, malengelenge yasipasuliwe. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mwili uliobaki ufunikwe usipate baridi, na ndipo safari ianze bila kukawia. Kiganja cha mtoto mwenyewe ni karibu sehemu 1 kati ya 100 za mwili wake. Jeraha likifikia viganja 10 maisha yake yamo hatarini, kwa kuwa maji ya mwili hupotea kwa njia ya ngozi. Hata jeraha dogo la usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri lataka mganga wa hospitali. Na huko mama aseme yote kama yalivyotokea, kwa maana ukweli wake ni sehemu ya dawa.

Jirani naye ana wajibu wake. Mwenye pikipiki asianze kwa kuuliza nani atalipa mafuta. Mwenye akiba kidogo aitoe, hesabu itafanywa kesho. Kijiji chenye busara hukubaliana mambo hayo kabla ya msiba: nani atabeba, nani atakopesha, nani atabaki na watoto wengine.

Na lile swali la kwanza? Lisisahauliwe, ila lingoje zamu yake. Siku mtoto atakapolala bila maumivu, baba na mama wakae pamoja waulizane: Mbabula itawekwa wapi tangu sasa? Je, ilikuwa haki kumpa mtoto wa miaka 9 kazi ya mtu mzima? Kuuliza kwa namna hiyo hutafuta kurekebisha, si kulipiza. Kisha wamwite yule binti, naye asikie kutoka vinywani mwao kwamba amesamehewa. Maana yeye pia aliumia jioni ile, na jeraha lake halikuonekana na mtu.