Tumjue Paka Kabla ya Kumshuku

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, paka huletwa nyumbani kwa sababu moja kubwa. Mahindi na maharage yakishavunwa na kujazwa kwenye magunia, panya nao huhamia ndani. Mwenye nyumba huomba mtoto wa paka kwa jirani, na panya wakipungua kila mtu hufurahi. Lawama huja baadaye. Paka analala mchana kutwa, usiku anatembea juu ya bati, akiitwa haji. Wengine humwita mvivu asiye na shukrani. Wengine hushusha sauti na kusema ametumwa.

Anayesema hivyo hajauliza paka ametoka wapi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na paka-pori wa Mashariki ya Kati, ambaye ndugu zake wangali wanawinda katika nyika za Afrika Mashariki. Yapata miaka 10,000 iliyopita wakulima wa kwanza walianza kuweka akiba ya nafaka. Nafaka ikavuta panya, panya wakamvuta paka. Hakuna aliyemkamata kwa kamba. Alikuja mwenyewe kufuata riziki, akabaki. Mbwa ni wa ukoo wa wanyama wanaowinda kwa kundi, ndiyo maana amri anaielewa upesi. Paka ni wa ukoo wa wanaowinda peke yao, na mwindaji wa peke yake hana desturi ya kungoja amri.

Ukilijua hilo, mengi yanaeleweka. Hulala saa 12 hadi 16 kwa siku kwa kuwa windo lake linadai nguvu nyingi kwa muda mfupi, hasa jioni na alfajiri. Akijisugua miguuni pako anakuachia harufu yake, akuweke miongoni mwa wa kwao. Akikukanda mapajani anarudia alivyofanya akinyonya, alipokanda ziwa la mama yake ili maziwa yashuke. Paka wazima kwa wazima ni nadra kuitana kwa kunyaunyau. Sauti hiyo wanaitumia zaidi kwa binadamu. Na macho yanayong'aa gizani yana utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, ili aone pale ambapo sisi hatuoni. Hakuna uchawi hapo.

Jambo hili halimhusu paka peke yake. Katika ukanda wetu wa Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kwa baadhi yao ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa yamechomwa kwa miaka mingi na moshi wa jikoni, wakipikia watoto na wajukuu. Anayeona jicho linalong'aa akakimbilia kusema uchawi, na anayeona jicho jekundu akasema vivyo hivyo, wote wana kosa moja: wamehukumu kabla ya kuuliza sababu. Mtoto anayezoea kumpiga mawe paka kwa kuwa hamwelewi anajifunza mapema kwamba asichokielewa ni halali kukidhuru. Somo hilo hukua naye.

Basi tuanzie nyumbani. Mtoto wa paka asitenganishwe na mama yake kabla hajaacha kunyonya. Tusitege sumu ya panya hovyo, maana anayemla panya mwenye sumu naye huweza kufa. Apewe maji na chakula hata kama anawinda, na achanjwe, kwa kuwa kichaa cha mbwa humpata paka pia. Mtoto akiuliza kwa nini paka anafanya hivi au vile, mzazi amjibu kwa sababu ya kweli, asimjibu kwa hofu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Tusimfukuze, na tusimhukumu yeyote, mnyama au mtu, kwa jambo ambalo hatujajitahidi kulielewa.