Meli Zinazokuja Nyuma Yako

Mpwa wangu, chuoni walikufundisha kwamba elimu ya uchumi ilizaliwa mwaka 1776, Adam Smith alipotoa kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa. Hawakukudanganya sana, ila waliruka ukurasa. Ukurasa huo unakuhusu leo kuliko ulipokuwa mwanafunzi, kwa sababu sasa unanunua mahindi. Nataka nikusimulie habari za mfanyabiashara wa nafaka ambaye watu wamembishania kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ingawa ni mtu wa mfano tu.

Yumo katika kitabu cha Kirumi kiitwacho De Officiis, yaani Juu ya Wajibu. Mwandishi wake, Marcus Tullius Cicero, alikuwa wakili na mwanasiasa mkubwa. Alikiandika mwishoni mwa mwaka 44 KK, miezi michache baada ya Julius Caesar kuuawa, huku yeye mwenyewe akiwa hana hakika na usalama wake. Alimwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma falsafa Athens. Kwa hiyo ni wosia, kama ule Mwana Kupona aliomtungia binti yake, ila huu ni wa nathari na umetoka kwa baba ambaye maadui zake walikuwa na majeshi. Desemba ya mwaka uliofuata wakamuua. Kijana mwenyewe, kwa masimulizi ya Warumi, alipenda mvinyo kuliko falsafa. Wosia haukumkaa sana. Uliwakaa wengine: kitabu kilipigwa chapa Mainz mwaka 1465, kikiwa kati ya vitabu vya kale vya mwanzo kabisa kutoka mtamboni, na kwa karne nyingi vijana wa Ulaya waliokuja kuwa mawakili, makasisi na wafanyabiashara walijifunzia Kilatini humo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kisiwa cha Rhodes kimeingiwa na njaa, bei ya nafaka haishikiki. Mtu mwema anatia nanga akitokea Alexandria, meli yake imejaa ngano. Anajua jambo moja ambalo watu wa Rhodes hawalijui: njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye nafaka, zinakuja huku huku. Je, awaambie? Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa, aondoke?

Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili wa Kistoiko. (Msomaji wa Biblia anawakumbuka Wastoiko: ndio waliojadiliana na Paulo pale Athens.) Diogenes wa Babylon anasema muuzaji atangaze kasoro za mali yake kama sheria inavyotaka, asidanganye, basi. Nimeileta, nimeiweka hadharani, siuzi ghali kuliko wenzangu, nimemdhulumu nani? Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarsus, anapinga: umezaliwa uwafae watu, faida yako na faida ya wote ni kitu kimoja, sasa unawezaje kuwaficha wenye njaa kwamba chakula kiko karibu? Diogenes anajibu kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba kama udugu wa binadamu unafika umbali huo, basi kusiwe na kuuza, tugawiane bure tu.

Usimdharau Diogenes. Hoja yake ya mwisho ni nzito, na kila mfanyabiashara mwaminifu huifikia siku moja. Cicero lakini anaamua upande wa Antipater. Kwake, si kila ukimya ni kuficha, ila unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, wasijue wale ambao kujua kungewafaa. Anaongeza kwamba mtu wa namna hiyo si mnyoofu wala mwungwana. Ni mjanja mjanja tu.

Kisa cha pili anakisimulia kwa ladha zaidi. Canius, Mrumi mwenye uwezo, alitaka bustani ya kupumzikia kule Syracuse. Mwenye benki mmoja aitwaye Pythius akamwalika kwenye bustani yake kwa chakula, na kabla ya hapo akawaita wavuvi, akawaagiza kesho yake wavue mbele ya bustani hiyo hiyo. Canius akaja akakuta mitumbwi imejaa, kila mvuvi analeta samaki na kuwabwaga miguuni pa Pythius. Akaambiwa samaki wote wa Syracuse wako hapa. Akainunua bustani kwa bei aliyotajiwa, pamoja na vyombo vyake. Siku ya pili hakuona hata kasia moja. Akamuuliza jirani kama ni sikukuu ya wavuvi. Jirani akajibu kuwa hapa havui mtu, na jana hata yeye alishangaa. Canius alihamaki, lakini angefanya nini? Sheria ilikuwa bado haijamweka mtu wa namna ile mahali pake. Mwanasheria Gaius Aquilius, aliyeshika uhakimu mkuu pamoja na Cicero mwaka 66 KK, ndiye aliyetunga utaratibu wa kumshtaki mwenye hila ya kuonyesha hiki na kutenda kile. Humo zimetoka fikra nyingi ambazo mawakili wanazitumia hadi leo wanapozungumzia nia njema katika mikataba.

Kabla hujawaona Warumi hawa kuwa mawalii, sikiliza na hili. Mwaka 51 KK Cicero alikwenda kuwa gavana wa Cilicia, na Cyprus ilikuwa chini yake. Akatangaza kwamba riba isizidi asilimia 12 kwa mwaka. Mji wa Salamis ulikuwa na deni, na wakala wa mkopeshaji alikuwa akidai asilimia 48. Zamani kidogo wakala huyo alipewa askari wa farasi, akawafungia madiwani wa mji katika ukumbi wao hadi watano wakafa kwa njaa. Cicero alikuja kugundua mwenye fedha ni nani: Marcus Brutus, rafiki yake, mtu aliyesifika kwa falsafa na aliyeandika kitabu juu ya wema. Unadhani Cicero alifanya nini? Alikataa kuidhinisha ile 48, lakini hakumaliza shauri. Alimwachia gavana aliyemfuata. Asilimia 48 kwa mwaka ni 4 kwa mwezi, nawe unayewajua waliochukua mikopo ya kausha damu utasema hiyo ni nafuu! Na katika De Officiis hiyo hiyo, Cicero anawabeza wachuuzi kuwa hawaendi bila uongo, na ujira wa kibarua anauita rehani ya utumwa, huku yeye mwenyewe akihudumiwa na watumwa. Msome, lakini tema maganda.

Sasa fuata kisa cha Rhodes kinavyopita mikononi mwa watu. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas anakichukua na kukipunguza makali. Anayeuza kwa bei anayoikuta, asiseme kitakachokuja baadaye, hakuvunja haki. Akisema, au akipunguza bei, huo ni wema wa ziada. Ona kilichotokea hapo. Kwa Cicero lilikuwa jambo moja, sasa limegawanyika: huku haki inayoweza kudaiwa, kule wema ambao huwezi kumdai mtu. Mwaka 1695 mwanafalsafa John Locke, katika maandishi mafupi juu ya kuuza, anatoa mfano wa mfanyabiashara wa Danzig mwenye meli mbili za nafaka. Moja inaingia Dunkirk penye njaa, inauza shilingi 20, nyingine inauza Ostend shilingi 5. Locke haoni dhuluma katika bei ya soko. Lakini anasema kwamba mwenye nafaka akiwakamua watu mpaka wafe kwa kukosa chakula, hapana shaka ni muuaji. Kwa hiyo hata huyu, baba wa haki ya mali, aliuacha mlango wazi kidogo.

Hapo ndipo anapoingia Smith wako. Aliingia chuo cha Glasgow mwaka 1737 akiwa na miaka 14, na mwalimu wake wa falsafa ya maadili alikuwa Francis Hutcheson, ambaye mwaka 1742 alitoa, pamoja na mwenzake, tafsiri ya tafakuri za Marcus Aurelius, kaisari aliyekuwa Mstoiko. Kitabu cha kwanza cha Smith, cha mwaka 1759, kinahusu hisia za maadili, na Wastoiko wamejaa humo, mara akiwasifu, mara akiwakataa, hasa wanapotaka mtu asiguswe na msiba wa mwanawe. Lile wazo kwamba kila mtu amekabidhiwa kwanza kujitunza mwenyewe, Smith anasema wazi kuwa ni la Wastoiko. Na humo humo, kabla ya 1776, ndimo ulimo ule mkono usioonekana. Anayekwambia Smith alifundisha ubinafsi, muulize kama amekifungua kitabu hicho. Kinamruhusu mtu akimbie awezavyo katika mbio za mali, lakini akimsukuma mwenzake aanguke, watazamaji hawamvumilii tena.

Lakini Smith huyo huyo, katika kitabu cha 1776, anawatetea wafanyabiashara wa nafaka kwa nguvu ambazo zingemshtua Cicero. Anasema hofu ya umma juu ya walanguzi inafanana na hofu ya uchawi. Mfanyabiashara anayepandisha bei wakati wa upungufu anawafanya watu wale kwa kubana mapema, kama nahodha mwenye busara anayepunguza posho ya mabaharia anapoona chakula hakitafika mwisho wa safari. Bei ya juu inauma, lakini inawaokoa wasije wakamaliza akiba kabla ya mavuno.

Nimeifikiria hoja hii sana, na naona watu wengi wanaitumia vibaya. Wanaichukua kumnyamazisha Antipater. Mimi naona inampa nguvu. Nahodha wa Smith anabana posho kwa sababu chakula kweli ni kidogo, na bei yake inawapa watu habari ya kweli. Mfanyabiashara wa Rhodes je? Meli ziko baharini. Bei ya njaa anayouzia inawaambia watu wa Rhodes jambo la uongo: kwamba hakuna kinachokuja. Mama anauza mkufu wake leo kununua kibaba, na wiki ijayo kibaba hicho kitakuwa robo ya bei. Kwa hiyo hata ukiweka pembeni udugu wa binadamu, ukahesabu kwa hesabu ya soko tupu, ukimya wa yule bwana umeiharibu bei isifanye ile kazi ambayo Smith anaisifia. Hili sikulisikia darasani, na sijui kwa nini halisemwi.

Mahakama Kuu ya Marekani ililipata shauri la namna hii mwaka 1817, ila kwa upande wa mnunuzi. Marekani na Uingereza zilikuwa zimepigana, na bei ya tumbaku New Orleans ilikuwa chini. Februari 1815 mfanyabiashara aitwaye Organ alipata habari ya mkataba wa amani kabla haijaenea, akawahi asubuhi na mapema kununua mapipa 111 ya tumbaku. Muuzaji alimuuliza kama kuna habari yoyote. Baadaye habari ikatangazwa, na bei ikapanda kwa asilimia 30 hadi 50. Jaji Mkuu John Marshall alisema mnunuzi hakuwa na wajibu wa kumweleza, lakini shauri likarudishwa lisikilizwe upya, kwa sababu kama alimlaghai muuzaji ni swali jingine. Diogenes angefurahi.

Halafu mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof akaandika makala juu ya magari yaliyotumika, ambapo muuzaji anaijua kasoro na mnunuzi haijui. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Ni makala safi. Anaonyesha kwamba wanunuzi wakishachoka kuingizwa mjini, hutoa bei ndogo kwa gari lolote, wenye magari mazuri wanajitoa, na soko linaweza kufa kabisa. Lakini Canius hayumo tena kama mtu aliyedhulumiwa, amekuwa upungufu wa taarifa. Sisemi Akerlof alikosea. Alikuwa akijibu swali jingine.

Nimekuja kwenye barua yako. Unasema umesikia, kwa mtu unayemwamini, kwamba wanunuzi kutoka nje ya nchi wako njiani na malori, bei itapanda, na kule vijijini hawajui. Unauliza kama ni halali ukimbilie kununua. Sheria, kadiri ninavyoijua, haitakugusa, na Marshall yuko upande wako. Mimi siko. Safari yako, nauli ya lori, magunia, mahindi yatakayoloa au kuliwa na dumuzi, hiyo ni jasho lako na faida yake chukua bila haya. Hata bidii ya kupata habari ina thamani. Lakini tofauti kati ya bei ya leo na bei ya keshokutwa, ambayo utaipata kwa sababu tu mkulima hajui kinachokuja, hiyo inatoka mfukoni mwake. Na akiwa ameshauza shamba zima kwa kangomba ili alipe ada ya mtoto, hapo hujanunua mahindi tu, umenunua na shida yake.

Kwa hiyo nenda, lakini fika kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mwambie ulichosikia, na useme kwamba ni habari ya kusikia, isije ikageuka kuwa ahadi. Kisha taja bei yako, iwe juu kidogo ya ile ya wiki iliyopita, kwa fedha taslimu siku hiyo hiyo. Wako watakaokuuzia, maana shilingi iliyopo inaweza kumfaa mtu kuliko lori ambalo bado liko njiani, na atakayeamua kungoja, mwache angoje. Na mahindi yapimwe kwa mizani. Lumbesa usinipakilie.